Mtu Huchezea Mtaa Anaolala

Tangu Idi iliyopita sichezi tena, na vijana wa mtaa wamenitaka niandike nilivyoifanya kazi ya katikati ya uwanja kwa miaka yote hii, ili na wao wapate la kushika. Nimekubali. Vyeo na mishahara nitaviruka. Si unyenyekevu; havikuwapo. Kazi iliyonilisha ni kushona kofia, na mshona kofia hata akizeeka hakuna anayemwambia apishe. Kazi ninayoiandika hapa ni ile ya baina ya Alasiri na Magharibi, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Niliingia timu ya mtaa wetu wa Mkomani kwa ajili ya sindano yangu. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, una mdomo uliofungwa kwa kamba, na ukiupiga kichwa pale penye kamba unabaki na alama kipajini mpaka watu wa nyumbani wakuulize umegombana na nani. Siku moja mshono ulifumuka, mchezo ukasimama, na mtu akakumbuka kuwa mimi mshona kofia nimekaa pale pembeni nikitazama. Nikaushona. Walipoona unashika, wakaniambia niingie nicheze kidogo, kwa heshima ya sindano. Sikuambiwa nitoke, basi nikaendelea kwa miaka mingi.

Mpira ule tuliupaka mafuta ya papa, yale yanayopakwa vyombo vya baharini, ili mchanga wa uwanja wetu wa Wiyoni usiikaushe ngozi. Harufu yake haitoki kwa sabuni. Mchezaji hodari alijulikana hata msikitini: watu walimwachia nafasi kushoto na kulia.

Aliyenifunza kazi ni Bwana Shee, fundi wa chokaa, ambaye alikuwa sentahafu wa Mkomani kabla yangu na wakati huo alikuwa tayari ana mvi. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kukimbia. Alinisimamisha katikati ya uwanja, akanifumbisha macho, na kila mara aliuliza, "Nyuma yako kuna nani? Kushoto kuna nani? Yule wa kulia amechoka au hajachoka?" Nikikosea, ananirudisha mwanzo. Siku moja nilimwambia kwamba mimi nimekuja kucheza, sikuja kufanyishwa mitihani. Akanitazama kwa huruma.

"Wenye maguu ni wengi," akasema. "Humu mtaani kila nyumba ina maguu. Mimi nataka mwenye mato." Mato, kwa lugha ya wazee wetu, ni macho.

Mengine aliyonifunza nayaandika kwa mkato. Winga akikasirika, mpe mpira mapema, kabla hajatafuta mtu wa kumpiga. Mpira usiupeleke pale mtu alipo, upeleke pale atakapotamani kuwapo. Fulubeki aliyegombana na mkewe usimrudishie mpira siku hiyo, hata akuombe kwa jina la babu yake. Hili la mwisho nililidharau mara moja, tukafungwa.

Sasa inanibidi niieleze sheria yetu, maana wageni wanaokuja kwa boti kutoka Mombasa hucheka wakiisikia. Hapa Lamu mwanamume akioa, yeye ndiye anayehama. Nyumba ni ya binti, amepewa na wazazi wake, na mume huingia na kasha lake la nguo na siku yakimfika hutoka na kasha lilelile. Na sheria ya mpira ilifuata hapo hapo: mtu huchezea mtaa anaolala. Ukizaliwa Mkomani ukaoa Langoni, wewe ni wa Langoni, na ndugu zako watakukanyaga vidole siku ya mechi bila ya kinyongo. Kwa hiyo timu zetu hazikusajili wachezaji. Ziliwaoza. Golikipa mmoja mzuri wa Langoni alipatikana kwa binamu wa kapteni, na mahari ilichangwa na mstari mzima wa mbele.

Kulikuwa na kesi ngumu. Bwana mmoja, winga, alikuwa na wake wawili, mmoja kila mtaa. Kamati ilikaa kutoka Alasiri mpaka Isha, ikaamua achezee mtaa ule atakaolala usiku wa kuamkia mechi. Usiku huo alilala msikitini. Hakucheza, lakini alibaki na wake wote wawili, na mimi siku zote nimemhesabu kuwa ni katika watu wenye akili waliopata kupita kwenye mchezo wetu.

Kesi nyingine haikuchekesha. Kulikuwa na fulubeki akiitwa Famau, aliyeozwa Langoni kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Mguu ule ukavunjika. Haukupita muda, asubuhi moja watu wakaliona kasha lake limewekwa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni penye kivuli. Katika mji wetu kasha la mwanamume likionekana dakani hakuna haja ya kumuuliza mtu habari za talaka. Famau akalibeba akarudi kwa mamake, akichechemea. Nilikuwapo njiani siku ile, nikampisha. Nimeieleza habari yake hapa kwa sababu ilinikaa rohoni kuliko goli lolote.

Mimi niliolewa, kama tulivyozoea kutaniana, Mkomani hapo hapo. Mke wangu Bi Zuhura alikuwa jirani, kwa hiyo sikubadilisha mtaa wala njia, au ndia, kama wazee wetu wasemavyo. Tulikaa kwa wema mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua. Hatukujaaliwa mtoto, nyumba ikarudi kwa dada zake, nami nikalibeba kasha mpaka kwa dada yangu Bi Khadija, mtaa ule ule. Nilikuwa tayari na umri wa mtu ambaye wenzake wanakaa barazani kusema habari za figo. Na goti la kulia lilikuwa limeanza kusema peke yake.

Mchanga wa Wiyoni haumsamehi mtu. Kijana akiukanyaga unamrusha. Mtu mzima akiukanyaga unamshika. Kapteni wa Mkomani wakati huo alikuwa Omari, kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyomchelewesha kunifukuza. Alikuja kwa dada yangu, akanywa kahawa, akauliza hali ya kila mtu nyumbani pamoja na paka.

"Ami," akasema hatimaye, "sisi hatukutupi. Tutakuweka ushike bomba."

"Bomba la nini?"

"La kupulizia mpira."

Nikalishika bomba msimu mzima. Lilikuwa bomba zuri, halikuvuja. Nilikaa pembeni nikiwaona vijana wanapeleka mpira pale mtu alipo, na hakuna aliyenitaka neno. Wakati mwingine mtu hufa akiwa bado anatia upepo. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na huzuni, na huzuni haina dawa ya kupaka.

Watu wa kisiwa cha Ndau ndio waliosikia kwanza kuwa niko huru. Wavuvi wa Ndau walikuwa na timu ya vijana wenye mapafu ya ajabu, na walikuwa na mechi na watu wa kisiwa jirani. Wakaja kuniazima, kwa makubaliano kwamba nitalala kwao usiku mmoja ili sheria isivunjike. Wakanilaza kitanda kizuri kuliko cha imamu. Nilidhani thamani yangu imepanda. Siku ya mechi nikaelewa kosa lilipo. Vijana wale walikuwa wamelelewa vizuri mno. Kila mmoja akiupata mpira alinitazama, na kwa kuwa mimi ndiye mtu mzima uwanjani, aliniletea kwa mikono miwili, ningesema, kama ingekuwa ruhusa. Nikimpa winga aende, anarudi kunipa. Nikampa mshambuliaji akiwa peke yake mbele ya goli, akageuka akanitafuta.

"Piga," nikamwambia.

"Wewe kwanza, mzee," akasema.

Watu wa kisiwa jirani hawakuwa na malezi kama hayo. Walinikanyaga mimi na mpira pamoja, tukafungwa mara nyingi. Ndau walinipa samaki wa kurudi naye, wakaniomba radhi kwa kunichosha. Nawaambia vijana: kujua mpira ni nusu ya thamani ya mchezaji. Nusu ya pili ni kupata watu ambao wako tayari kuudhiwa naye.

Langoni walikuwa watu wa namna hiyo. Walikuwa na washambuliaji watatu wenye mbio, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa wengine wawili wapo. Kapteni wao Bakari, seremala, alikuwa mmoja katika hao watatu. Akaja kwa dada yangu Bi Khadija, na hakuulizia paka. Alisema ana khalati yake, dada wa mamake, Bi Mwanaisha, mjane, ana nyumba ya mawe Langoni, na angependa kumwona amepata mwenzake.

"Mwataka mume au mwataka sentahafu?" dada yangu akauliza.

"Vyote viwili, Bi," Bakari akasema. "Lakini nyumba ni moya tu."

Niliitwa nikasemeshane na Bi Mwanaisha kabla ya jambo kwenda kwa wazee. Nilikaa upande huu wa pazia, yeye upande ule, Bakari katikati akitazama dari. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali ya mpira. Hakuuliza hata moja. Hakuuliza kofia zangu zinauzwaje wala nimemzika vipi marehemu.

"Nyumba yangu ina ghorofa," akasema. "Chumba cha kulala kiko juu. Ngazi zangu ni ndefu na zimesimama. Waziweza?"

"Naziweza," nikasema.

"Haya," akasema, na hivyo ndivyo nilivyosajiliwa.

Dada yangu alinilaumu kwa kuhamia kwa maadui, kisha akanifungia kasha na kuniwekea ndani yake halua ya safari, kana kwamba Langoni ni Zanzibar. Ni mwendo wa kumaliza tasbihi moja.

Sasa nitasema nilichokiogopa, maana kila aliyekuwa nami wakati ule alinidhania nina furaha tupu. Nilikuwa nayo. Bi Mwanaisha alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na mkono mwepesi wa mchuzi, na jioni tulikaa sakafuni yeye akisuka mkeka, mimi nikitia nakshi kofia, na nilianza kusahau kuwa nimekuja kwa ajili ya kitu kingine. Ndipo goti likanikumbusha. Nilimpenda, kwa umri wangu ule, na nilijua nimeingia mle kwa mguu wa mpira. Siku mguu ukijulikana umekwisha, kasha langu litakaa pale lilipokaa la Famau. Kwa hiyo ngazi zile nilizipanda kila siku nikitabasamu. Nilingoja yeye aende jikoni ndipo nipande, nikishika ukuta. Goti nililipaka mafuta ya papa, na akiuliza harufu nilisema ni mpira.

"Mpira huo walala nao?" akauliza mara moja.

Nikasema ngozi inataka uangalizi.

Kazini mambo yalikuwa mazuri kuliko nilivyostahili. Vijana wa Langoni hawakuniheshimu hata kidogo. Bakari alinipigia kelele tangu mazoezi ya kwanza, nami nikampigia, na baada ya mwezi alikuwa amejifunza kukimbia kabla sijaupiga mpira, badala ya kungoja auone. Sikukimbia mimi. Nilisimama, nikasema. Watatu wale wakaanza kujuana. Mmoja wao alikiri kwangu kwamba alikuwa hajui kuwa mwenzake wa kulia anatumia mguu wa kushoto, na wamecheza pamoja tangu utotoni.

Mechi ya mitaa miwili huchezwa siku ya tatu ya Idi. Walioshindwa huwapikia walioshinda, na kwa kuwa wanapika kwa uchungu, pilau ile kila mwaka huwa na chumvi. Haina muda wa saa. Huanza baada ya Alasiri na humalizika adhana ya Magharibi inaposikika, hata kama mpira uko hewani. Refa ana filimbi, lakini mwenye mamlaka ni muadhini, na watu wa mitaa yote miwili walikuwa wakimsalimia kwa upole mno wiki ile.

Omari alinijua. Alinipachikia kijana mmoja anifuate kila niendapo, na kijana yule alikuwa akiniomba radhi kila akinikumba. Mwanzoni nilimtembeza mbali na mchezo, akafuata kama alivyoagizwa, wenzake wakapungukiwa na mtu. Tulikosa magoli mawili ambayo hata kaburi lingefunga. Kisha nikageuka vibaya kwenye mchanga na goti likatoa sauti. Sikuanguka. Nilisimama pale pale, nikajifanya nafikiri.

Yule kijana akanitazama, akamtazama Omari. Nikamsikia Omari akimwambia, "Mwate, huyo amekwisha. Rudi nyuma." Alisema kweli, na ndilo kosa pekee nililopata kumwona Omari akilifanya: mtu wa katikati hana haja ya kwenda popote. Nikabaki peke yangu katikati ya uwanja, hakuna anayeniangalia, jua limeinama. Mpira ukatoka kwa golikipa wetu ukadunda mbele yangu. Nyuma yangu kuna nani? Kushoto kuna nani? Sikuhitaji kugeuka. Nikaupiga mara moja kwa mguu wa kushoto, kule ambako hakuna mtu, na Bakari alikuwa tayari ameshaanza kwenda huko. Alipofunga, watu wa Langoni walipiga ukelele mmoja, na ndani ya ukelele ule tukasikia Allahu Akbar kutoka msikitini. Mechi ikaisha.

Sikuweza kuondoka pale niliposimama. Bakari akaja mbio kunikumbatia, akaona. Akatazama goti, akanitazama usoni, na furaha ikamtoka.

"Ami. Tangu lini?"

"Tukasali," nikamwambia.

Watu wanaweza kudanganywa uwanjani. Sijda haidanganyiki. Msikitini nilisali nimekaa, ukutani, pamoja na wazee wawili wasioona vizuri, na safu nzima iligeuka kunitazama baada ya salamu. Mtu anayesali ameketi hawezi kuwa sentahafu wa mtu. Bakari alitoka mara tu baada ya salamu, na vijana wawili nyuma yake, wakienda upande wa nyumbani kwa khalati yake. Nikajua habari inatangulia.

Nilikwenda taratibu, nikishika kuta za watu. Nilipopinda kona ya mwisho nililiona. Kasha langu lilikuwa dakani, limefungwa, na juu yake mkoba wangu wa nyuzi na kofia nilizokuwa sijazimaliza. Vimepangwa vizuri. Bi Mwanaisha alikuwa mtu wa kupanga vizuri.

Nikaketi pembeni ya kasha. Naandika wazi kwamba niliumia, na si goti. Nilifikiri juu ya dada yangu, atakavyolifungua kasha bila ya kusema neno, na hilo litakuwa baya kuliko kusema. Nilifikiri juu ya Famau. Nikajaribu kuliinua kasha nione kama nitafika nalo, halikuinuka.

Ndani kulikuwa na kelele za watu na kitu kikigonga ukuta. Mlango ukafunguka, Bi Mwanaisha akatoka na ufagio mkononi, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Mbona wakaa nde?" akasema.

"Nimeliona kasha."

"Sasa lingekaa wapi, na mimi nafagia?" Akanitazama vizuri, akatazama kasha, akaelewa, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika. "Bwana, wewe kwani waniona mimi nani?"

Kutoka ndani sauti ya Bakari ilisema kwamba kitanda hakipiti.

"Kitanda?"

"Kitanda chashuka," akasema. "Nimetoa makuti yote na nazi katika chumba cha tini, huku kusiko na ngazi. Tutalala tini."

Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, kwamba Bakari ana mbio kweli, amefika na habari kabla yangu.

"Bakari alikuya na habari gani? Mimi ndiye niliyemwita, yana, kabla ya mtezo. Nalimwambia, mtezo ukisha, mkishinda, mkishindwa, kuyani mnishushie kitanda." Akapunguza sauti. "Nakusikia ngazini, Bwana. Tangu wiki ya kwanza. Wangoja niende jikoni ndipo upande, na jikoni na ngazi ni ukuta mmoja."

Ndani kitanda kikagonga tena. Bakari na wenzake walikuwa wamekwama pale ngazi inapopinda, kila mmoja akivuta upande wake, kama walivyokuwa wakicheza kabla sijahamia. Nikaegemea mlango nikawaambia: wa juu asivute, alegeze, Bakari ainue miguu ya kitanda kwanza, asingoje kuona nafasi, wa kati arudi nyuma, anamzuia mwenzake. Walifanya hivyo. Kitanda kikageuka, kikashuka.

"Basi, hiyo yatosha," Bi Mwanaisha akawaambia, "mkapumzike. Huyu hatoki tena." Akaweka ufagio, akanipa mkono wake nishike.

Niliingia ndani kwa mguu wa kulia, kama sunna inavyotaka, ingawa ndio huo mbovu.